Mche wa Sabuni na Akili ya Mama Yangu

Muhula uliopita chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili kilifanya mdahalo. Hoja ilikuwa hii: "Asiyefika kidato cha nne asipige kura." Ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama mlangoni. Msemaji wa kwanza wa watetezi wa hoja alisimama, akatutazama, akauliza: "Mtu anayeuza kura yake kwa mche wa sabuni, ana akili gani ya kuchagua rais?" Ukumbi mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka. Mwishoni tuliinua mikono, na hoja ikapita. Mimi sikuinua mkono upande wowote.

Usiku ule usingizi ulikataa kuja. Mama yangu hakufika kidato cha nne. Aliishia darasa la tano. Anauza dagaa katika soko la mji mmoja wa mpakani, upande wetu wa Uganda, na dagaa hao ndio walionilipia karo hadi nikafika chuo kikuu kujifunza Kiswahili cha kufanyia midahalo. Na katika kampeni za uchaguzi wa 2021 mama alipokea mche wa sabuni. Aliupokea mbele yangu, akapiga magoti, akashukuru. Kwa hiyo nilipocheka ukumbini nilimcheka yeye. Insha hii ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile, badala ya kukaa kimya.

Dai langu ni fupi. Mpiga kura wa kawaida, aliyesoma na asiyesoma, anapiga kura kwa akili. Akikosea, mara nyingi kinachokosekana ni vitu ambavyo akili ya mtu yeyote huvihitaji ili ifanye kazi: habari za kuaminika, siri ya kura, wagombea wanaotimiza ahadi, na wenzake wa kukubaliana nao. Tukimnyima kura kwa kisingizio kwamba hana akili, tutakuwa tumemwadhibu kwa makosa ya watu wengine.

Kwanza tukubaliane juu ya neno lenyewe. Katika mdahalo ule watetezi wa hoja walitumia "akili" kwa maana ya "kuchagua yule ambaye mimi ningemchagua." Hiyo si maana ya akili. Mtu anatumia akili, au kama wanavyosema wanafalsafa, ana urazini, pale anapolinganisha njia zilizo mbele yake na kushika ile inayomfikisha anakotaka kwa kadiri ya anavyojua. Mkulima anayepanda mtama badala ya mahindi kwa sababu mvua imechelewa anatumia akili, hata kama mvua kubwa itakuja baadaye na kumwonyesha kwamba mahindi yangestawi. Tunampima kwa alichojua siku ya kupanda. Mpiga kura naye anastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Baada ya mdahalo nilimpigia mama simu. Sikumwambia kuhusu kicheko. Nilimuuliza tu: "Mama, ile sabuni ya 2021, ulimpigia kura aliyekupa?"

Alicheka. "Mwanangu, sabuni nilifulia. Kura nilimpa yule wa choo."

Yule wa choo alikuwa diwani kabla ya kugombea ubunge. Alipokuwa diwani alifuatilia mpaka soko likajengewa choo cha wanawake. Kabla ya hapo mama na wenzake walikuwa wakienda nyuma ya nyumba ya wageni na kulipa kila walipokwenda, na mwenye biashara ya dagaa hawezi kufunga meza yake mara nne kwa siku. Mama alinieleza hesabu yake hivi: "Huyu alipewa kidogo, akafanya kidogo. Yule wa sabuni alipewa kikubwa miaka mitano, tukakaa tunanyeshewa. Paa la soko tuliahidiwa 2006, tukaahidiwa 2011, tukaahidiwa 2016. Ile sabuni alikuwa ananilipa deni, tena kidogo sana."

"Hukuona aibu kuipokea?"

"Nikiikataa, atampa jirani. Paa halitakuja kwa sababu mimi nimekataa sabuni."

Wenzangu, someni tena maneno hayo polepole. Mama amelinganisha rekodi za wagombea wawili. Ametumia ushahidi aliouona kwa macho yake, akaupa uzito kuliko maneno ya jukwaani. Ametambua kwamba kukataa kwake peke yake hakutabadilisha tabia ya mgombea. Ametenganisha zawadi na kura. Sisi tunalipa ada ili tufundishwe kupanga mawazo namna hiyo. Wahenga walishafupisha jambo lenyewe: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Pale ambapo ahadi tatu mfululizo hazikutimizwa, sabuni ndiyo kenda, na paa ndilo kumi. Mwenye kushika kenda hakosi akili. Anajua historia ya soko lake.

Najua jibu litakalokuja. Mtasema: huyo ni mama yako mmoja, wengine huchukua sabuni na kura wakaitoa. Bila shaka wapo. Lakini kama kura zingekuwa zinanunuliwa kama dagaa, basi wenye vyeo vikubwa na mifuko mizito wasingeshindwa kamwe katika nchi hii. Januari 2021 Edward Ssekandi, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa miaka kumi na kisha makamu wa rais kwa miaka mingine kumi, alishindwa katika jimbo lake la Bukoto ya Kati. Mawaziri kadhaa walipoteza viti siku hiyo hiyo. Wapiga kura waliowaondoa ni hawa hawa ambao ukumbi wetu uliwacheka. Unaweza kuwakubali waliowachagua au usiwakubali, lakini huwezi kusema kwamba walikuwa wamelala.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja iliyopita siku ile: kwamba elimu ndiyo dawa. Watetezi walisema mwenye elimu hanunuliki. Hili tunaweza kulipima, kwa sababu katika nchi yetu kuna watu ambao hawaruhusiwi kugombea mpaka waonyeshe vyeti. Katiba ya Uganda inamtaka mbunge awe na elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Bunge basi ni ule ukumbi ambao wenzangu wanauota: hakuna anayepiga kura humo bila cheti.

Bunge hilo lilipokuwa likikaribia kuamua, mwaka 2005, kuhusu kuondoa ukomo wa mihula ya urais, wabunge wengi walipewa shilingi milioni 5 kila mmoja. Waliozitoa walisema ni za kuwawezesha kwenda kushauriana na wapiga kura. Wapinzani waliziita hongo. Ukomo wa mihula ukaondolewa. Mwaka 2017, ulipokuja mswada wa kuondoa kikomo cha umri wa rais, wabunge walipewa shilingi milioni 29 kila mmoja, tena kwa maelezo ya kushauriana na wapiga kura. Baadhi yao walizirudisha, nami nawapa heshima yao. Kikomo cha umri nacho kikaondolewa. Simtuhumu mbunge yeyote kwamba aliuza kura yake, na hata nikikubali maelezo rasmi yote, swali langu linabaki: kwa nini fedha zikiingia kwenye akaunti ya msomi tunaita "uwezeshaji," na sabuni ikiingia kwenye beseni la muuza dagaa tunaita "ujinga"? Ikiwa zawadi inatosha kuthibitisha kwamba mtu hana akili, basi elimu haijamwokoa mtu. Imepandisha bei tu.

Wazo la kuwapa wasomi kura na kuwanyima wengine si geni, wala hatukulibuni sisi. Plato alifananisha dola na meli, akauliza kwa nini mabaharia wasiojua nyota waachiwe usukani. John Stuart Mill, mwaka 1861, alipendekeza wenye elimu wapewe kura zaidi ya moja. Mwaka 2016 Jason Brennan, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika kitabu kizima akitetea utawala wa wenye maarifa. Lakini wenzangu wanasahau kwamba wazo hili lilishatumika hapa kwetu, na tunajua lilimfaa nani.

Nchini Kenya mwaka 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, si kila mtu mzima alipiga kura. Zilitazamwa elimu, kipato, mali, utumishi na mengineyo, na aliyekuwa na sifa nyingi aliweza kupewa kura hadi tatu. Hapa Uganda, uchaguzi wa moja kwa moja wa 1958 nao ulimtaka mpiga kura awe na sifa kama vile mali, kipato au elimu. Sababu zilizotolewa na wakoloni ni zile zile nilizozisikia ukumbini: wengi hawajawa tayari, hawaelewi, watadanganywa. Na angalieni waliochaguliwa Kenya mwaka ule walifanya nini. Tom Mboya, Oginga Odinga na wenzao, waliofaidika na mpango huo wa kura za ngazi, walikataa kuingia katika serikali kama mawaziri na wakadai viti zaidi kwa Waafrika. Walijua kwamba mzani uliotengenezwa na mtawala hupima anachotaka mtawala. Inasikitisha kwamba wajukuu wa watu walioambiwa "hamjawa tayari" wameuokota mzani huo na kuugeuzia kwa bibi zao.

Kuna hoja nyingine yenye nguvu zaidi, nayo siwezi kuikwepa. Mwaka 1957 Mmarekani Anthony Downs alichapisha kitabu kuhusu nadharia ya kiuchumi ya demokrasia. Alisema hivi, kwa ufupi: kutafuta habari za siasa kunagharimu muda na fedha, na kura moja kati ya mamilioni ina nafasi ndogo mno ya kuamua matokeo. Kwa hiyo mtu mwenye akili ana sababu nzuri ya kutojisumbua. Ujinga wake wa siasa unatokana na akili yake.

Wapinzani wangu huitumia hoja hii kuwadharau watu wa vijijini. Mimi naona inatukamata sisi kwanza. Siku mbili baada ya mdahalo niliwauliza wenzangu watatu tunaoishi nao chumba kimoja: diwani wa kata yenu nyumbani anaitwaje? Hakuna aliyejua. Bajeti ya wilaya yenu mwaka huu ni kiasi gani? Hakuna aliyejua. Nilijiuliza mwenyewe, nami sikujua. Mama yangu anamjua diwani kwa jina, anajua fundi aliyejenga choo, na anajua kwamba saruji ya mwisho ilipungua njiani. Anajua kwa sababu kujua kunamfaa kila siku. Sisi tunajua majina ya maseneta wa Marekani kwa sababu yamo kwenye simu zetu. Ikiwa kipimo ni kujua mambo yanayohusu kura unayopiga, sina hakika chumba chetu kingefaulu mbele ya meza ya dagaa.

Tena elimu na utajiri wa nchi nzima havimwondolei mpiga kura udhaifu wake. Mwaka 2016, Christopher Achen na Larry Bartels walitoa kitabu kuhusu wapiga kura wa Marekani. Mfano wao uliopata umaarufu ni wa mwaka 1916, papa waliposhambulia watu kwenye fukwe za New Jersey. Wanadai kwamba wapiga kura wa pwani hiyo walimpunguzia Rais Woodrow Wilson kura kwa sababu ya papa, kana kwamba yeye ndiye aliyewafuga. Wataalamu wengine wamezipinga takwimu zao, na ubishi haujaisha. Lakini hata tukikubali mfano wote, unasema nini? Unasema kwamba binadamu akiumia hutafuta wa kumlaumu, awe wa New Jersey au wa kijijini kwetu. Hausemi kwamba dawa ni cheti cha kidato cha nne.

Na wale wanaopiga kura kwa kabila au dini? Wahadhiri wetu hupenda kutupa mfano wa miaka ya uhuru, Wakatoliki wengi walipokuwa DP na Waprotestanti wengi UPC. Nakubali kwamba hapo kuna hatari kubwa. Lakini tuulize kabla ya kudharau. Mtu asiyeweza kusoma ilani, na aliyeona kwamba kazi, shule na barabara hufuata jina la mkubwa, hulitumia jina kama alama ya njia. Ni alama mbaya, na mara nyingi inampoteza. Hata hivyo msomi naye hutumia alama: rangi ya chama, chuo alikosoma mgombea, Kiingereza chake. Nimewahi kusikia mhitimu akisema atampigia fulani kura kwa sababu "anaongea vizuri." Kiingereza kizuri hakijajenga choo popote.

Mpaka hapa nimemtetea mpiga kura. Sasa niseme ninachokubali, nisije nikaonekana namtetea mama kwa sababu ni mama.

Nakubali kwamba kupokea sabuni kuna madhara. Sheria ya uchaguzi wa wabunge ya mwaka 2005 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea, na sitetei uvunjaji wa sheria. Zaidi ya sheria, kuna hesabu. Mgombea anayegawa sabuni kwa maelfu ya watu hukopa au huuza shamba, na akishinda hurudisha fedha zake kwanza. Paa la soko linaliwa hapo. Kila muuza dagaa akitumia akili yake peke yake, kama mama alivyofanya, wote wanapata sabuni na wote wananyeshewa. Kila mmoja amefikiri sawasawa, na soko zima limepata hasara. Hili ndilo fumbo ambalo mdahalo wetu haukuligusa. Tulitafuta ujinga ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na kasoro ilikuwa katikati ya watu, pale ambapo hapana mahali pa kukubaliana.

Kiswahili kina neno la kutusaidia hapa, na neno hilo lina historia. Januari 1958, TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Wakoloni walikuwa wametangaza kura tatu Tanganyika: kila mpiga kura angelazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Tena, ili upige kura ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa fulani. Yalikuwa matusi. Wajumbe wengi walifika Tabora wakitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Julius Nyerere, aliyekuwa amesoma hapa Uganda pale Makerere, aliwashawishi waingie katika uchaguzi huo mbaya ili wautumie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake. Waliobaki walikubaliana, wakaunga mkono pia wagombea wa Kiasia na wa Kizungu walioafikiana na TANU, na katika chaguzi za 1958 na 1959 wagombea hao walizoa viti. Mtego wa kura tatu ulimnasa aliyeutega. Watanzania wanauita uamuzi wa Tabora "uamuzi wa busara."

Watetezi wa hoja wataniambia: unaona, waliopiga kura hizo walikuwa na elimu au kipato. Ni kweli, maana sheria iliwafungia wengine nje. Lakini uamuzi haukuzaliwa kwenye sanduku la kura. Ulizaliwa katika chama ambacho wanachama wake wengi hawakuwa na sifa hizo. Kilijengwa na wauza vitumbua, wapishi, makuli na wakulima, na na watu kama Bibi Titi Mohamed, ambaye hakuwa na elimu kubwa ya darasani lakini aliwaleta chamani wanawake wengi wa Dar es Salaam. Watu hao walijadili, wakagombana, wakakubaliana. Akili kila mmoja alikuwa nayo tangu nyumbani, kwani akili ni nywele, kila mtu ana zake. Busara waliipata walipokaa pamoja.

Ndiyo maana nasema wanaotaka wapiga kura wenye akili zaidi waache kuhesabu vyeti, wahesabu vitu vinavyoiwezesha akili kufanya kazi. Cha kwanza ni siri ya kura. Mwezi Julai 2018 tulichagua viongozi wa vijiji kwa kupanga mstari nyuma ya wagombea. Mama alipanga mstari nyuma ya mtu ambaye ndugu yake hugawa meza sokoni. Nilimuuliza sababu, akanijibu, "Pale kila mtu alikuwa ananiona." Wakenya, majirani zetu, waliyapitia hayo mwaka 1988 katika mchujo wa KANU, na mpaka leo neno "mlolongo" kwao lina uchungu, kwa sababu ya mistari mifupi iliyotangazwa kuwa mirefu. Mwanamke yule yule, mwenye kichwa kile kile, alimfuata mwenye nguvu alipokuwa kwenye mstari, na alipokuwa peke yake na karatasi yake alimchagua yule wa choo. Elimu yake haikuongezeka kati ya 2018 na 2021. Kilichobadilika ni kwamba hakuna aliyekuwa anamtazama.

Cha pili ni habari. Mwezi Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima mkesha wa uchaguzi. Huwezi kumzimia mtu taa halafu ukamcheka kwa kujikwaa. Cha tatu ni vyama na vikundi ambamo watu wanajadili mwaka mzima, badala ya kuamka kila baada ya miaka mitano. Wauza dagaa wa soko letu wana kikundi cha kuweka na kukopa. Humo hakuna anayekula fedha za mwenzake, kwa sababu hesabu husomwa kwa sauti kila Jumapili na wote wanasikia. Siku kikundi kile kitakaposema kwa pamoja, "Hatutampa kura anayeleta sabuni bila paa," sabuni itakoma. Hakitasema hivyo kwa kulazimishwa na sisi wasomi, wala kwa kuchekwa.

Na hapa ndipo ninapogeukia chama chetu, kwa heshima. Sisi ni wanafunzi wa lugha ambayo katika eneo hili ilibeba siasa za ukombozi kwa sababu ilieleweka na wapishi na makuli. Tumepewa lugha ya kuongea na watu wengi, tukaitumia kujadili namna ya kuwanyamazisha. Kama tunaamini kwamba wapiga kura hawana habari za kutosha, kazi ya kuwapatia ni yetu. Kwa nini hatujatafsiri bajeti hata ya wilaya moja kwa Kiswahili ambacho muuza dagaa wa mpakani angekielewa? Kwa nini midahalo yetu yote hufanyika ukumbini, na hakuna hata mmoja uliowahi kufanyika sokoni? Tulipiga kura siku ile bila kusikia hata mtu mmoja kati ya wale tuliokuwa tukiwahukumu. Uamuzi wa namna hiyo, kwa kipimo chetu wenyewe, ulikuwa na akili gani?

Nilimpigia mama tena jana, nikamwambia kuhusu mdahalo na kicheko changu. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na walioshinda walipewa nini?" Nikamwambia hawakupewa kitu, ni mazoezi ya kusema tu. Akasema, "Basi ni vizuri, mwanangu. Mjizoeze kusema vizuri. Lakini mkimaliza mje mseme na huku."

Naomba chama kirudishe hoja ile mezani muhula huu, na kifanye mdahalo katika soko lolote litakalotukubali, wauza bidhaa wakiwa na haki ya kusema na ya kuinua mkono. Safari hii na wangu utainuka.